Nafasi Niliyomwambia Akatae

Tulipokuwa tumeshanunua nyumba mbovu mtaa wa Black Rock, chuo kimoja cha wauguzi hapa Buffalo, Marekani, kilimpa binti yangu nafasi iliyotengwa kwa vijana weusi. Nilimwambia akatae kwanza. Kwetu, katika milima ya Kivu ya Kusini, mtu wa heshima hapokei mara ya kwanza, anasubiri abembelezwe.

“Papa, hawa hawabembelezi mtu.”

“Bon, sawa, watarudi. Sisi si ombaomba. Nyumba hii tumeitengeneza wenyewe.”

Akanitii. Tulisubiri simu hadi masomo yakaanza, nafasi akapewa mwingine. Yeye akaenda mji wa Louisville kupanga maboksi ghalani, na bado yuko huko.

Juzi nilimpigia kumwomba msamaha. Akasema, “Papa, nimetoka kazini sasa hivi. Niache nilale.”