Nani Alitupa Taa ya Balungi ya Mwanangu?

Mwanangu alitangazwa mshindi wa kwanza kwa taa ambayo hajawahi hata kuigusa.

Nilikuwepo ukumbini, nikasikia kwa masikio yangu mwenyewe: "Zawadi ya kwanza, Lok-yiu, darasa la pili!" Watu wakapiga makofi. Yiu wangu akaganda kwenye kiti, anaitazama taa iliyoning'inia juu ya jina lake.

"Mama, ile si yangu."

Na kweli haikuwa yake. Ilikuwa sungura wa plastiki wa dukani, macho yanawaka rangi tatu, na tumboni ana kimuziki cha kuudhi.

Taa ya mwanangu ilikuwa ganda la balungi.

Iko hivi. Kila sikukuu ya mwezi mpevu wa vuli, usiku wa watoto kutembea na taa, shule yetu hapa Kwai Chung inatoa tangazo: mtoto alete taa iliyotengenezwa nyumbani, kwa vitu vya nyumbani, bila gharama. Mwaka huu nilifurahi. Kwetu hela si ya kuchezea, na balungi tungelinunua tu, maana sikukuu bila balungi si sikukuu.

Mama mkwe wangu akasema, "Niachieni mimi na mjukuu wangu."

Akakata kifuniko juu, akapenyeza vidole kati ya ganda na tunda, taratibu, mpaka tunda likatoka na ganda likabaki zima kama bakuli. Yiu akachora sungura kwa kalamu. Wakaanza kuchonga, bibi kashika kisu, mtoto kashika mkono wa bibi.

Mama mkwe alishona nguo kiwandani miaka mingi, vidole vimempinda. Kisu kikateleza. Sikio moja la sungura likawa refu kuliko jingine.

Yiu alicheka mpaka akagaagaa sakafuni. "Bibi, sungura wako anasikiliza umbea wa jirani!"

Wakafunga nyuzi tatu kwenye kijiti cha kulia chakula, wakaweka kitaa cha betri ndani, maana shule haitaki mishumaa. Tukazima taa ya sebuleni. Nyumba nzima ilinukia balungi, na yule sungura akawaka ukutani. Mume wangu, mtu ambaye kumtoa neno ni kazi, akasema, "Hii kali."

Asubuhi bibi akampeleka Yiu shule, akabaki getini kukabidhi taa. Sasa niambie, ilikwenda wapi?

Nikamfuata Mwalimu Fung. Damu inanichemka.

"Mwalimu, taa ya mwanangu iko wapi?"

"Mama Yiu, si hiyo hapo? Hongera. Apande achukue cheti, watu wanasubiri."

"Nimekuuliza, iko wapi?"

Akaanza kutazama saa. Basi nikapanda jukwaani mwenyewe. Kipaza sauti kilikuwa kwa Mama Chi-him, mwenyekiti wa kamati ya wazazi, yule ambaye kila jambo la shule lazima awe mbele. Nikamnyang'anya.

"Kuna mtu kabadilisha taa ya mwanangu," nikasema. "Kama ana hata chembe ya aibu, asimame tumwone. Kumfundisha mtoto udanganyifu, mtu mzima na akili zako!"

Mama Chi-him akanisogelea huku anatabasamu.

"Mama Yiu, ungemuuliza kwanza mama mkwe wako."

Nikageuka.

Alikuwa kiti cha mwisho nyuma, pochi mapajani, kichwa ameinamisha.

Nikashuka, nikachuchumaa mbele yake. "Mama, nini kimetokea?"

Alijibu bila kuninyanyulia macho. "Huyo mama alikuwa anapokea taa getini. Akasema yetu imeanza kunyauka. Akauliza, nani kakata sikio hili."

"Ukamjibuje?"

"Nikasema ni mimi. Akacheka, na wenzake wakacheka. Akaniambia, bibi, unataka mtoto achekwe? Duka si liko hapo mbele? Nikaenda nikanunua. Yetu alibaki nayo yeye."

Sijui nilifikaje tena mbele. Ninachojua, sasa hasira yangu ilikuwa na anwani.

"Tangazo lilisema zitengenezwe nyumbani!"

"Mama Yiu, tusidanganyane," Mama Chi-him akasema. Na hakuona haya kusema. "Hebu tazama juu. Unaona hata moja iliyotengenezwa nyumbani? Wageni wanakuja, picha zinapigwa. Nani ana muda huo?"

Nikatazama juu. Ukumbi mzima, plastiki. Nikawatazama wazazi wenzangu, kila mmoja kainamia simu yake. Wote walijua. Mtoto mmoja tu shule nzima alilitii tangazo, na wakahakikisha haonekani.

"Basi mwakani andikeni tu, leteni risiti," nikamwambia. "Taa yetu iko wapi?"

"Ilikuwa inavuja maji. Nimeitupa."

Kile cheti, ambacho kiliandikwa kwa herufi za dhahabu Kazi ya Mikono Bora, nilikichana mbele yake. Mwalimu Fung akasema nimevuka mipaka. Nikamwambia mipaka aliivuka yeye siku alipofumba macho.

Tukatoka. Nje mwezi umeshapanda juu ya maghorofa, watoto wanazunguka na taa zao. Bibi akamnyooshea Yiu mkono. Yiu akaficha wake nyuma.

"Bibi, uliionea aibu taa yangu?"

"Hapana, mwanangu." Mama mkwe akaitazama ile mikono yake iliyopinda. "Niliionea aibu mikono yangu."

Yiu aliichukua ile mikono yote miwili, akaishika hivyo hivyo, akawa anatembea kinyumenyume mbele ya bibi yake mpaka kwenye lifti ya ghorofa letu.

Nimeandika haya nikiwa bado na hasira na sitaki kutulizwa. Ila somo nimelipata, nalo nakupa bure. Siku ukitaka kuuliza mbele ya watu nani hana aibu, geuka nyuma kwanza. Asiye na aibu hatasimama. Atakayeinama ni yule aliyeumizwa, na huenda mmekuja naye.