Mchuchumio wa Mke Mwenzangu

Sikutaka kuandika haya. Kocha wa mjukuu wangu ndiye aliyenisumbua: "Bibi, tuandikie habari za Winchi, watu wamjue." Wamjue mara ngapi? Mtaa mzima unamjua, na mtaa mzima umeshamsema. Mimi kalamu nimeishika ukubwani, na vidole vinaniuma. Lakini nimekasirika, na hasira ukiimeza inakutokea puani. Basi someni.

Winchi ndilo jina walilompa kwenye duka la vifaa vya ujenzi anakopakia saruji. Mimi namwita mke mwenzangu, kama bibi yeyote anavyomtania mjukuu wake wa kike. Mfuko wa saruji anaubeba kama wewe unavyobeba mto wa kulalia. Jioni huenda kunyanyua vyuma, na mwili ule ameujenga mwenyewe, tofali juu ya tofali. Sasa kuna mashindano ya kuonyesha misuli. Wanaume hupanda jukwaani pekupeku. Wanawake, eti lazima wavae viatu virefu! Nikauliza kwa nini. Kocha akasema, "Ndiyo sheria, Bibi." Sheria! Nani aliwahi kunyanyua chuma kwa kisigino?

Mashindano yaliyopita Winchi alitoka wa mwisho. Misuli haikuwa na kasoro, ila alitembea macho chini, magoti yamekunjika, kama mtu anayevuka sakafu iliyomwagika mafuta. Safari hii Kocha akamwambia waziwazi: "Ukiyumba tena, nafasi yako nampa mwingine." Mtoto akakosa usingizi.

Tukaenda kununua viatu. Sheria yao inataka kiatu cha plastiki kinachoonyesha mguu ndani, kama chupa ya maji. Muuzaji akautazama mguu wa Winchi, akacheka.

"Dada, huu si mguu, ni mtumbwi. Jaribu upande wa wanaume."

"Mguu huo ni wangu," nikamwambia. "Mimi ndiye niliyemrithisha. Cheka tena nikukanyage nao."

Akapanda ngazi kuleta maboksi ya juu. Jozi ya kwanza ilikuwa na kisigino chembamba kama msumari. Nikakisukuma kwa kidole, kikacheza. "Rudisha, kitamvunja mtoto wa watu." Ya pili ilibana vidole. Ya tatu ilikuwa na mkanda wa kufunga juu ya kifundo, na kisigino kimesimama imara. Winchi akajaribu kusimama, akaning'ang'ania bega mpaka nikasikia mifupa inalia. Tukachukua hiyo.

Nyumbani ikawa kero. Ko, ko, ko, kutoka mlangoni hadi jikoni, mkono ukutani. Msichana anayebeba saruji anashindwa kujibeba mwenyewe! Shangazi yake, binti yangu, akaja kutazama, akaguna: "Leo winchi imekwama."

"Na wewe uliyekulia kwenye mchuchumio, ulishinda nini?" nikamuuliza. Akaaga.

Tena kulikuwa na hili la sukari. Kocha alimkataza Winchi sukari, nami nikapanda kiti nikaliweka kopo juu kabisa ya kabati asilifikie. Kesho yake goti langu likagoma kupanda. Nikawa nakunywa chai isiyo na sukari ndani ya nyumba yangu mwenyewe! Asubuhi moja nikachoka.

"Hivyo viatu vinaitwaje?"

"Mchuchumio, Bibi."

"Basi chuchumia! Mbona unatembea kama unatafuta sindano iliyoanguka? Anayechuchumia anataka kitu cha juu. Nipe sukari yangu!"

Naye akapandwa na hasira, si ndiyo damu yangu hiyo! Akaenda moja kwa moja hadi kabatini, hakugusa ukuta, akanyoosha mkono, macho juu. Mabega yakapanuka, mgongo ukafunguka kama mkeka unaokunjuliwa. Visigino havikutikisika. Akaganda hapohapo, kopo mkononi.

"Bibi, nimesimama."

"Nimeona. Lete kopo."

Msinivike hekima, mimi nilitaka sukari tu. Ila tangu hapo kopo likawa linarudishwa juu, naye analifuata kila akivaa viatu.

Siku ya mashindano alitoka akitazama juu ya vichwa vya majaji, nikajua analiona kopo. Hakuyumba hata kidogo. Akatangazwa wa kwanza. Nikainuka kupiga vigelegele, na jaji mkuu naye akashika kipaza sauti: "Na viatu vimempendeza kweli!"

Viatu! Nikaketi na vigelegele vyangu. Vyuma vyote vile, jasho lote lile, vumbi la saruji hadi kwenye kope, yule mtu kaona plastiki.

Kwa hiyo wewe uliyesoma hadi hapa, usidhani umesoma bure. Ukimkuta Winchi dukani, usimsifie viatu, wala usimuulize nani atamuoa. Msifu mgongo, tena kwa sauti, wapakiaji wenzake wasikie. Kisha pita kwangu unishushie kopo. Yeye yuko kazini, na chai yangu inapoa.