Pleti Mpya za Klachi

Dereva wa bodaboda alipopooza upande mmoja, pikipiki yake ilibaki uani na klachi iliyoungua. Wakaamua kuiuza. Siku ambayo mnunuzi alipanga kuja kuichukua, dereva alimwambia mkewe kwa ulimi mzito, "Mama watoto, haiondoki hapa ikiwa inaumwa. Tuitengeneze."

Mke hakuwahi kushika spana. Alimwegemeza mumewe mlangoni kwa mito, akamwaga oili kwenye beseni, akafungua kava la injini. Pleti za zamani zilitoka nyeusi, zinanuka moto. Alizilowesha mpya, alizotoka kununua dukani, kwenye oili safi, akazipanga moja moja kama mumewe alivyomwelekeza, akakaza bolti huku amefumba macho.

"Fundi gani wewe? Wateja watakukimbia," mume akatania, huku machozi yanamtoka.

Kava liliporudi na oili mpya kuingia, mke aliwasha. Akabana klachi, akaingiza gia, akaachia taratibu. Pikipiki ikasogea bila kushtuka.

"Nikalishe juu yake kidogo tu," mume akaomba.

Alimwinua, akazidiwa, wakaanguka wote wawili. Mnunuzi alipopiga hodi walikuwa bado chini, wameshikana, na injini inanguruma.