Swali la Kaburi

Nilikuwa darasa la tatu nilipoanza kujipapasa kisogo mbele ya kioo. Mtoto mmoja wa Shella alikuwa ameniambia shuleni kwamba sisi watu wa bara tuna chogo, kisogo kilichochomoza, na kwamba hata tukijifunika buibui tutajulikana tu kwa nyuma. Nilirudi nyumbani Kisumu Ndogo, mtaa wetu wa Malindi, nikakichukua kioo cha baba cha kunyolea ndevu, nikageuza kichwa huku na huku. Jirani yetu, mtoto wa kike wa rika langu, akaja kunisaidia. Alipapasa changu, akapapasa chake, akasema, "Vyote sawa. Hawana akili hawa." Tukaenda zetu kucheza.

Huyo jirani ndiye ninayemwandika hapa. Jina lake silitaji, kwa sababu nimeshamwandika mara moja kwa jina lake kamili, na yaliyompata yalitokana na maandishi hayo.

Baba zetu walikutana katika shamba la mkonge kusini ya Kilifi, wote wawili vijana, wote wameacha kwao kutafuta riziki. Wangu alitoka ziwani, safari ya siku mbili kwa gari moshi na basi. Wake alitoka Tanga, ambako mtu akiondoka alfajiri hufika huku kabla jua halijatua. Walikata mkonge pamoja, wakalala chumba kimoja kambini, na mgongo ulipoanza kuwauma wakahamia Malindi pamoja, wakapanga vyumba vinavyotazamana. Aliyetoka mbali akawa mwananchi. Aliyetoka karibu akawa mgeni. Mpaka huo ulichorwa na watu ambao hawakuwahi kuchomwa na mwiba hata mmoja wa mkonge, na bado tunauheshimu kama umeteremshwa kutoka mbinguni.

Rafiki yangu alizaliwa katika chumba hicho cha pili. Aliyemkata kitovu ni mama yangu, kwa wembe mpya wa baba, na baba alinuna siku nzima kwa sababu ya wembe wake. Mama alikuwa akikisimulia kisa hicho kila Krismasi, na kila mara rafiki yangu, ambaye alikuwa haikosi pilau yetu ya Krismasi kama sisi tusivyoikosa yao ya Idi, alicheka mpaka akajishika mbavu. Cheti cha kuzaliwa hakikuandikwa. Nani angekwenda hospitali kueleza habari za wembe?

Tukakua. Mimi nilisoma hadi kidato cha nne, nikapata kazi ya ukarani katika shule ya msingi. Yeye aliolewa, akaachika, akabaki na binti mmoja na karai la mahamri. Watoto wangu walikulia mahamri yale. Kitambulisho hakuwa nacho, wala baba yake hakuwahi kuwa nacho, na kwa miaka mingi hilo halikumsumbua mtu. Askari wenyewe walikuwa wakisimama kwake asubuhi, wakala na mbaazi, wakamwita mama.

Lililomsumbua ni binti. Alikaribia kumaliza shule, na bila kitambulisho cha mama, binti naye hangepata chake. Bila kitambulisho hakuna chuo, hakuna kazi, hata laini ya simu husajiliwa kwa jina la mtu mwingine. Rafiki yangu akaamua kwenda mbele ya kamati ya mchujo, ile inayowahoji wanaoomba vitambulisho ikiwa asili yao inatiliwa shaka. Alikwenda kwa moyo mkunjufu, kwa kuwa katibu wa kamati hiyo nilikuwa mimi.

Niseme ukweli: chifu aliponiteua nilifurahi sana. Alisema nina hati nzuri na naweza kutunza siri. Mimi nilisikia jambo jingine. Nilisikia kwamba mwenye chogo sasa amekaribishwa kwenye meza inayoamua nani ni wa hapa na nani si wa hapa. Nilishona nguo mpya kwa ajili ya kikao cha kwanza.

Mwaka ule maneno yalikuwa mabaya. Mgombea mmoja alisimama uwanjani akasema Pwani imejaa magugu yaliyovuka mpaka, na magugu hung'olewa na mizizi yake. Watu walipiga makofi, na wengi waliopiga makofi walikuwa majirani zangu wa Kisumu Ndogo. Nami nilipiga, kidogo, kwa sababu waliokuwa karibu nami walinitazama. Chaguzi zilizopita magugu tulikuwa sisi. Tulikuwa tumetupiwa karatasi chini ya mlango zikitutaka turudi bara, na baba alilala na panga chini ya kitanda mwezi mzima. Sasa neno limehamia nyumba ya pili, na sisi tukashusha pumzi. Sijui aibu kubwa kuliko ile pumzi.

Na kulikuwa na Mzungu mmoja, Mtaliano, kule upande wa ufuoni, ambaye kila mtu alijua visa yake ilikwisha zamani hata yeye mwenyewe haikumbuki. Huyo hakuitwa gugu wala mhamiaji haramu. Aliitwa mwekezaji, kwa sababu alikuwa na mbwa watatu na mtunza bustani.

Siku ya rafiki yangu ilipofika, tulikuwa wanne mezani. Chifu; mwenyekiti wetu, ambaye ni mzee mkulima kutoka vijiji vya ndani na hukumu zake ziliogopwa; mzee mmoja wa msikitini; na mimi na daftari langu. Rafiki yangu aliingia amevaa leso mpya, akaamkia shikamoo mezani kwa zamu, akaketi. Mwenyekiti alimuuliza alizaliwa wapi, na nani anajua. Akajibu kwamba alizaliwa hapa hapa, na aliyejua ni mkunga wake, ambaye ameshafariki. Alinitazama. Nikaona mambo yanakwenda polepole, nikataka kumsaidia kwa swali jepesi.

Kwetu, mtu akifa hupelekwa nyumbani. Baba yangu alisafirishwa mpaka ziwani, akazikwa uani, kaburi likapigwa saruji, likaandikwa jina. Mama vivyo hivyo. Mtoto wa kwetu anaweza kukuonyesha kaburi la baba yake amefumba macho. Na baba wa rafiki yangu alizikwa hapa Malindi, hilo nililijua, nilichangia sanda. Nikasema moyoni: mtu aliyezikwa hapa ni wa hapa, na hakuna ushahidi unaoshinda huo. Nikauliza, kwa sauti ya kikarani:

"Kaburi la baba yako liko wapi? Unaweza kuwapeleka wazee wakalione?"

Alinitazama kama mtu aliyemwagiwa maji.

"Babangu kazikwa makaburini," akasema. "Lakini mahala penyewe sipajui. Wanawake hatwendi maziko. Na wale hawaandiki majina, ni kijiwe tu. Nduguye mmoja aliyekuwako, naye kashafariki."

Hapo ndipo nilipoelewa nilichokifanya. Nimeishi na Waislamu maisha yangu yote, nimekula nao, nimelia nao kwenye matanga, na sikuwahi kujiuliza kwa nini tulibaki ndani na kina mama jeneza lilipotoka. Nilidhani wanawake wanabaki kupika.

Mzee wa msikitini alijua. Alikuwa na uwezo wa kusema maneno mawili na jambo likaisha. Alitazama saa yake. Pengine alikuwamo hata miongoni mwa waliobeba jeneza lile, lakini ulikuwa mwaka wa magugu, na hakutaka kuonekana anawatetea watu wa Tanga.

Mwenyekiti aliweka fimbo yake mezani. "Kwehu, mtu asiyejua kaburi la babaye ni mtu wa kuokotwa," akasema kwa lafudhi ya vijijini kwao. "Andika, katibu. Hajui kaburi la baba yake."

"Mzee," nikasema, "huyu mimi..."

Nilitaka kusema huyu mimi namjua. Kitovu chake alikikata mama yangu. Nilikuwa nimeshafungua mdomo. Mwenyekiti akanigeukia taratibu, bila hasira.

"Eeh, mwanangu? Na wako wewe kazikwa wapi?"

Chifu alipekua karatasi. Swali nililolitunga kwa mkono wangu lilirudi likakaa mbele yangu, na jibu lake lilikuwa ziwani, safari ya siku mbili. Kwa swali hilo mimi ndiye niliyekuwa mgeni katika chumba kile, na rafiki yangu ndiye mwenyeji. Nilijiona nimesimama tena na kioo cha kunyolea ndevu.

Niliinamisha kichwa, nikaandika. *Hajui kaburi la baba yake. Hana shahidi wa kuzaliwa. Asili yake haikuthibitishwa.* Kwa hati nzuri. Nikatia sahihi. Akaondoka, na kesho yake asubuhi watoto wangu walinunua mahamri kwake kama kawaida, akawazidishia moja. Hilo la kuwazidishia sijamsamehe mpaka leo, kwa sababu lilinifanya nijidanganye kwamba yameisha.

Baada ya miezi michache msako wa wahamiaji ukaja. Walimchukua mbele ya karai lake, mafuta bado yanachemka, na waliomchukua hawakuwa wale askari wa mbaazi, walikuwa wageni wa kutoka mbali. Mahakamani aliulizwa kama anakubali kwamba yumo nchini bila karatasi. Akajibu kweli hana karatasi. Hivyo ndivyo alivyokubali kosa. Kisha nakala ya kamati ikasomwa. Haya niliyasikia kwa jirani, kwa sababu mimi sikwenda. Nilisema nina kazi ya kupanga orodha za mtihani. Orodha zilikuwa zimeshapangwa tangu wiki iliyotangulia.

Walimpeleka mpakani Lungalunga kwa lori, wakamvusha. Kurudishwa kwao, walisema redioni, na mtangazaji alilitamka neno hilo "kurudishwa" bila kukwama. Mtu hawezi kurudishwa mahali ambapo hakuwahi kufika. Kule Tanga alikuwa hamjui hata mtu mmoja. Tulisikia amepewa baraza la kulala na mama mmoja muuza samaki, na kwamba anamfulia nguo. Binti alibaki na chumba, karai na mtihani wa mwisho. Alifanya mtihani. Nilimpelekea unga na sukari mara mbili. Mara ya tatu nilikuta mlango umefungwa na sauti ya redio ndani.

Kamati haikuvunjwa. Nami sikujiuzulu. Nimejieleza sana juu ya jambo hilo, kwa mume wangu, kwa padri, kwangu mwenyewe. Nimesema nilibaki ili nisaidie watakaofuata. Nilibaki kwa sababu niliogopa kwamba nikitoka, swali litakalofuata litakuwa langu.

Binti alitimiza miaka kumi na minane. Siku moja niliita jina kutoka kwenye orodha, nikasikia sauti yangu ikikatika katikati yake, naye akaingia. Amefanana na mama yake mpaka vidole. Hakuamkia mtu. Aliketi.

"Mama yako ni mwananchi wa wapi?" mwenyekiti akamuuliza.

"Wa hapa."

Mwenyekiti akaniambia nifungue faili la mama yake, nisome. Nikafungua. Sikusoma. Niliyasema yote, maneno yakitoka bila mpango: chumba cha pili, wembe wa baba, mama yangu na kisa chake cha Krismasi, sanda niliyochangia, na kwamba wanawake hawaendi maziko, na kwamba kila Mwislamu mezani pale alilijua hilo. Nililia. Mzee wa msikitini alitazama dirisha. Mwenyekiti alinisikiliza mpaka mwisho, na nadhani alinihurumia.

"Haya yote siku ile ulikuwa wayajua?"

"Nilikuwa nayajua."

"Na sahihi hii hapa chini ni ya nani?"

"Yangu."

Akalivuta faili, akalitazama, ingawa sote tulijua macho yake hayasomi tena. "Sasa tuandikeje, mwanangu? Kwamba katibu wetu asema uongo leo, au alisema uongo siku ile?"

Chifu akasema shauri la binti liwekwe kando mpaka uchunguzi ukamilike. Najua maana yake; nimeyaandika maneno hayo mara nyingi, na sijawahi kuona uchunguzi uliokamilika.

Binti alisimama. Nilimwambia nitakwenda Mombasa, nitatafuta wakili, nitaapa mbele ya hakimu. Alingoja nimalize, kwa adabu, kama alivyolelewa.

"Mama kanikataza kukuomba kitu," akasema. "Kanambia nikikukuta hapa nikuamkie tu, kisha niondoke. Shikamoo."

Akatoka. Nilipoitikia marahaba, mlango ulikuwa umeshafungwa. Barazani kulikuwa na watu kumi na zaidi wakingoja. Mwenyekiti aliniambia nimwite anayefuata, nikaitazama orodha, nikamwita.