Kipimajoto cha Mama Kidoti

Mpiga pasi hana mkono wa kupimia homa. Mama Kidoti alilijua hilo tangu mwanawe azaliwe. Kwa kushinda na pasi kwa dobi siku nenda siku rudi, viganja vyake vilikuwa vikavu na vya moto, na kila alichogusa nyumbani alikiona cha baridi: ukuta, sufuria, hata shavu la mtoto. Ndiyo maana akanunua kipimajoto cha betri, kile cha kubana kwapani mpaka kilie.

Asubuhi hiyo Kidoti alikataa tena ziwa. Alimlalia mama yake begani, kimya, anahema mbiombio. Mama alikuwa amekesha naye, macho yamemvimba kama aliyepigwa. Akambana kipimajoto, kikalia: thelathini na saba na nusu.

"Hiyo si homa," alisema mumewe, mlinzi, ndiyo kwanza amerudi lindoni na buti hajavua. "Nenda kazini, mama Kidoti. Juzi hukwenda, leo tena? Wataweka mtu mahali pako."

Mama mkwe akaweka kikombe chake chini, akagusa mgongo wa mjukuu, akauondoa mkono upesi. "Mtoto anaungua huyu. Hicho kidude chenu kina wazimu."

"Mama nawe. Mkono wako na mashine?"

"Mkono huu ndio uliokulea wewe. Mashine ilikuwa wapi?"

Mama Kidoti alisimama katikati yao na mzigo wake. Ng'ombe haelemewi na nunduye, wanasema, lakini hawasemi kama ng'ombe mwenyewe amepata usingizi. Hakuwa na nguvu ya kubishana. Alitaka kujua mkweli ni nani, basi, kwa sababu akikosea, anayelipa ni huyu begani.

Kule kwa dobi, pasi ikitiliwa shaka haijaribiwi kwenye shati la mteja. Hujaribiwa kwenye kitambaa ambacho tabia yake inajulikana.

"Kitupime sisi kwanza," alisema. "Sisi wazima. Tuone kitasema nini."

Mama mkwe akawa wa kwanza. Lakini kufungua gauni mbele ya mwanawe, hilo hakuliweza. Akakitia kipimajoto chini ya ulimi. Kikalia. Thelathini na tisa.

Mama mkwe akakisoma mara mbili, akajiegemeza taratibu. "Basi ndiyo nakwenda hivyo. Na wala siumwi popote."

Mama Kidoti akatazama kikombe, bado kinatoa moshi. "Mama, si umetoka kunywa chai sasa hivi?"

Mlinzi alicheka mpaka akakohoa. "Kimeipima chai, mama. Chai ndiyo mgonjwa."

"Cheka tu. Ungenizika na kikombe changu."

Mama Kidoti akakiosha kwa sabuni na maji ya baridi, akakifuta, akamfukuza mumewe uani. Sasa mama mkwe akabana kwapani. Thelathini na tano na kidogo. Mlinzi akaitwa, akabana: hivyo hivyo. Mama Kidoti naye akabana huku mtoto kamlalia upande wa pili. Hivyo hivyo.

"Mbona nyumba nzima tumepoa kama maiti?" mlinzi aliuliza. Safari hii hakucheka.

Mtu mzima mwenye afya, kwapani, husomeka thelathini na sita na nusu hivi. Muuguzi wa kliniki aliwahi kumwambia mama Kidoti hivyo. Kwa hiyo kidude kilikuwa kinapunguza zaidi ya digrii moja, na kwa kila mtu. Mama Kidoti akakirudisha kwapani kwa mwanawe, akakisoma, akajiongezea mwenyewe kichwani: karibu thelathini na tisa.

"Nipe kitenge," alimwambia mumewe. "Na uwapigie simu kazini. Sema chochote."

"Nitasema mtoto ana homa," alijibu. "Si ndivyo?"

Kliniki, mama Kidoti alikwenda na mama mkwe. Muuguzi alimpima Kidoti kwa kipimajoto chake, akasoma thelathini na tisa kasoro kidogo. Hakumgombeza mtu. Alimpokea mtoto, akaanza kumvua sweta, akauliza ameanza lini kukataa ziwa.

"Tangu jana jioni," alisema mama Kidoti.

"Umefanya vizuri kumleta. Tunampima damu sasa hivi. Wewe kaa hapo, bibi atamshika."

Mama mkwe akanyoosha mikono. Mama Kidoti akakaa kwenye benchi, akaegemea ukuta, na kabla hajajibu swali lililofuata, usingizi ulikuwa umemchukua.