Mlango wa Samaki

Asubuhi moja wiki iliyopita nilikuwa sebuleni kwa jirani yangu, hapa Kiembe Samaki. Ana tangi la kioo lenye maji ya bahari na samaki mmoja mdogo wa manjano. Tangu mawe ya humo yaporomoke, samaki alikosa pa kujificha, na kwa siku nne hakula kitu.

Jirani akamwita fundi anayekarabati nyumba za mawe za Mji Mkongwe. Mzee yule aliyajenga upya mawe yale kuwa ukuta humo tangini, polepole, mkono umezama hadi kiwikoni, na kila mwanya akauziba kwa kijiwe.

“Hapo Bi, hata mjusi hapiti.”

“Lakini fundi, mimi nnataka apite samaki,” jirani akamjibu.

Samaki alipotolewa kwenye ndoo alimowekwa wakati wa ujenzi na kurudishwa tangini, aliuzunguka ukuta ule, akigusa jiwe baada ya jiwe kwa mdomo. Fundi akachutama kumtazama.

“Miaka yote nnawajengea watu wasiotaka kuingiliwa,” alisema, kama anayemwomba samaki radhi.

Akachomoa mawe matatu, akaacha mlango. Nje yake akalaza jiwe bapa. “Na baraza yake hii.”

Mwanga wa dirishani ulichezacheza majini. Mimi mwalimu, niliyezoea kuwapangia watoto kila dakika ya kipindi bila kuacha mwanya, nikajiona fundi mwenzake. Samaki akaingia, akapotea. Baada ya muda akatoka, akatulia juu ya jiwe bapa, akadokoa punje ya chakula.

“Hujambo,” fundi akamwambia taratibu, maana mtu akiwa barazani kwake hapitwi hivi hivi.