Ukoko wa Mama

Wali ukiungua, harufu yake hunipandisha hasira hadi leo. Mama alisumbuliwa na tumbo, tukavuka kutoka kisiwa cha Nosy Be kumpeleka kwa daktari mjini Mahajanga. Tumbo la mama, lakini aliyeulizwa ni baba!

“Choo anapata?”

“Anapata.” Alijuaje?

“Anakula nini?”

“Tunachokula sote.”

Sote wapi! Mama alikuwa akitupakulia sisi kwanza, kisha anabaki jikoni peke yake kukwangua ukoko wa sufuria. Sasa alikuwa anavutavuta pindo la shiromani aliyojitanda. Baba hakumtazama. Daktari naye hakumtazama.

“Basi,” daktari alimwambia baba, “apunguze mchuzi wa pilipili.”

Mchuzi! Mama yangu na mchuzi walijuana wapi?